Digrii kabatini, bahasha mkononi: Kazi zinagawiwa gizani?

KAMA kuna neno ambalo kijana wa mjini amechoka kulisikia, basi ni hili neno "jiajiri". Waziri analisema akiwa ndani ya suti, mkuu wa mkoa analisema akizindua kivuko, mbunge analisema siku aliyokuja kugawa jezi na mpira mmoja kwa timu ya mtaa. Ajabu yake ni kwamba wote wanaolisema wameajiriwa. Mimi sijapata kumwona kigogo hata mmoja aliyeacha gari la serikali, dereva, mlinzi na posho ya kikao akaenda kufuga kuku wa mayai, ili sisi akina kajamba nani tujifunze kwake. Wao wanang'ang'ania ajira mpaka mvi zinawaishia kichwani, na wakistaafu wanaongezewa mkataba. Sisi ndio tunaoambiwa kwamba kazi za kuajiriwa zimepitwa na wakati.

Niseme mapema ili asije mtu akadhani natetea mkate wangu: mimi sina digrii. Niliishia kidato cha sita, nikaingia mjini kubangaiza kwa kalamu, nalipwa kwa habari moja moja inayotoka, na ile isiyotoka ni hasara yangu na nauli yangu. Lakini kijiwe ninachokaa kimejaa wasomi. Yupo mwalimu wa hisabati mwenye digrii anayeendesha bodaboda ya tajiri, jioni anapeleka hesabu. Yupo wa uhasibu anayekaa chini ya mwavuli akisajili laini za simu. Yupo mwingine wa maendeleo ya jamii ambaye jamii yenyewe imeshindwa kumwendeleza, anashinda anacheza drafti na kusubiri ujumbe wa simu kutoka Dodoma. Ukiwasikia wanavyobishana pale kijiweni utadhani uko kwenye ukumbi wa chuo kikuu, tofauti ni kwamba hapa kahawa inanywewa kwa mkopo.

Sasa tuanze na hesabu, maana wakubwa hawapendi tukianza na hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ilifanya usaili wa walimu. Nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walipita 200,000. Wino haujakauka, Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo ikatangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 135,000. Piga mwenyewe kwa kalkuleta ya simu yako: kila kiti kimoja cha TRA kiligombewa na watu kama 85. Chukua basi la abiria la kwenda mikoani, lijaze mpaka waliosimama, halafu mwambie kondakta ateremshe wote abakishe mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyepata kazi. Waliobaki wanaambiwa wakajiajiri.

Na waliosoma magazeti ya Juni 2014 hawajasahau. Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, waombaji walioitwa wakazidi 10,000, ukumbi wa kuwatosha haupo, wakapelekwa Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam. Vijana wenye digrii zao wakakaa kwenye viti vya mashabiki, karatasi ya mtihani mapajani, kama watu wanaosubiri Simba na Yanga. Picha ile ilizunguka dunia. Nchi yenye aibu ingeitazama mara moja tu na kukosa usingizi. Sisi tuliitazama, tukacheka, tukaendelea.

BARUA ILIYOKUWA INAMFUATA MTU

Wazee waliomaliza Mlimani miaka ya sabini wanasimulia mambo ambayo ukimwambia kijana wa leo anadhani unamletea hadithi za Abunuwasi. Wanasema barua ya kazi ilikuwa inamfuata mtu chuoni. Hujamaliza mtihani wa mwisho, serikali imeshajua unakwenda Tabora au Mtwara, kwenye wizara gani na kwa mshahara gani. Tena si ajabu, kwa sababu chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Msomi alikuwa kama dhahabu. Nchi ilikuwa inamtafuta yeye, siyo yeye anayeitafuta nchi.

Nasema hivi si kwa sababu nataka turudi kule. Kule nako kulikuwa na vituko vyake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema hakuna kwenda chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, mtu afanye kazi kwanza, kisha alete barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwa hiyo hiki kimemo tunachokilalamikia leo si kigeni, babu yake alikuwa na muhuri wa tawi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ukionekana mjini mchana huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori kwenda shambani. Huo ndio ulikuwa mpango wa ajira kwa vijana wa mjini.

Ila kuna jambo moja la enzi hizo ambalo naliweka mezani makusudi. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo walipoandamana kupinga masharti ya JKT, Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400. Lakini siku hiyohiyo ya hasira akakata na mishahara ya wakubwa, ukiwamo wa kwake, kwa asilimia 20. Alipowaambia vijana wajitolee, alianza na bahasha yake mwenyewe. Nitajie kigogo mmoja wa leo aliyesema "jiajirini" akakata posho yake.

Miaka ya tisini barua ile ikafa. Wakubwa wa IMF na Benki ya Dunia walikuja na masharti, mashirika ya umma yakapigwa bei kupitia ile tume ya PSRC, watumishi kwa maelfu wakapunguzwa kazini. Walimu na watu wa afya ndio waliobakiziwa utaratibu wa kupangiwa moja kwa moja kwa muda mrefu zaidi, nao kufikia mwaka 2015 ukaanza kukatika. Mwaka 2016 serikali ya awamu ya tano ikasimamisha ajira mpya, ikasema inahakiki watumishi hewa. Mwaka uliofuata ikatangaza kuwa imegundua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hebu tulia hapo kidogo ndugu msomaji. Kumbe miaka yote ile mwenye cheti halali alikuwa kijiweni anacheza drafti, na mwenye cheti cha kughushi alikuwa ofisini anagonga muhuri! Watu 9,932 hawakupita kwenye tundu la sindano. Kuna waliowafungulia mlango, wakawatazama usoni, wakasema karibu. Hao waliofungua mlango mbona hatukutajiwa idadi yao?

Na kwa wale wanaosema vijana hawataki kazi ngumu, wawaulize vijana wa JKT waliojenga Ikulu ya Chamwino. Walibeba zege kwa ahadi kwamba wakimaliza wataajiriwa. Aprili 2021, Magufuli aliyetoa ahadi alikuwa ameshafariki, vijana wakataka kwenda kumwona Rais mpya kudai ahadi, na vijana 854 wakaondolewa jeshini kwa kosa la uasi. Ikulu ipo, imesimama, inapendeza. Kama kujenga nyumba ya Rais kwa mikono yako si kutafuta kazi kwa bidii, basi mimi sijui bidii ni kitu gani.

KUTAFUTA KAZI NAKO NI MTAJI

Kuna uongo mmoja unaosemwa sana kwenye semina za vijana, kwamba kuomba kazi ni bure. Labda kwa mtoto wa Masaki. Kwa mtoto wa Manzese kuomba kazi ni biashara yenye gharama na isiyo na faida. Huwezi kujisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ile Ajira Portal, bila namba ya NIDA, na wapo walioihangaikia namba hiyo kwa miezi. Unatakiwa cheti cha kuzaliwa. Vyeti vyote vigongwe muhuri wa wakili, na wakili hagongi kwa salamu. Kama cheti cha kidato cha nne kimeandika Mohamed na cha chuo kimeandika Muhamed, unarudi kwa wakili tena kula kiapo kwamba hao wawili ni wewe mmoja. Halafu huna kompyuta, kwa hiyo unakwenda steshenari, kijana wa pale anakujazia fomu kwa elfu mbili tatu, na akikosea kuweka cheti cha kidato cha sita mahali pake, jina lako linatoka kwenye orodha ya waliokosa sifa. Unatupwa nje na mtu wa kutoa fotokopi.

Ukiitwa usaili, hapo ndipo mtaji unapoanza kutafunwa kweli. Miaka iliyopita safari ilikuwa Dodoma au Dar es Salaam, uwe unatoka Kigoma au Newala. Nauli ya kwenda, gesti usiku mmoja au miwili, chakula, suti ya kuazima. Ukifaulu mchujo wa maandishi unaitwa tena siku nyingine kwenye mahojiano, gharama zinajirudia. Wazazi wanauza mbuzi, mjomba anachangishwa, mtaa mzima unajua fulani kaitwa serikalini. Akirudi mikono mitupu hawezi hata kupita kwa mwenye duka. Ni haki kusema kwamba siku hizi usaili mwingine unafanyika mikoani, na walimu mwaka 2025 walifanyia kwenye mikoa. Hilo ni jema, na limepunguza maumivu. Lakini lilichukua miaka mingapi kufikiriwa? Na mbuzi waliokwisha kuuzwa nani atawarudisha?

Kazi za watu binafsi nazo zina karaha yake. Huko mfalme ni bahasha ya kaki. Msomi anaamka alfajiri, anapanda daladala mpaka Posta, anatembeza bahasha ghorofa kwa ghorofa mpaka soli ya kiatu inamwomba msamaha. Ndani ya bahasha kuna barua iliyoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", barua ileile aliyoiandika mwenzake wa jana na wa juzi, kwa kuwa wote waliinakili kutoka kwa mtu mmoja. Mlinzi wa getini anaipokea, anaiweka juu ya nyingine, na jioni muuza maandazi anapata karatasi za kufungia. Simzulii mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua vitumbua vilivyofungwa kwenye wasifu wa bwana mmoja wa ununuzi na ugavi. Alikuwa na daraja la pili la juu.

Tangazo la kazi ukilipata linadai uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wa kufanya kazi ambayo hujapewa unaupata wapi? Hapo ndipo unapoletewa danganya toto linaloitwa kujitolea. Nenda shule za kata utakuta walimu wenye digrii wanafundisha mwaka wa pili, wa tatu, wanalipwa kwa michango ya wazazi au hawalipwi kabisa, wanaambiwa wavumilie kwani wanaojitolea watafikiriwa kwanza. Nenda mabenki na mashirika utakuta "mtarajali" anayefanya kazi ya karani kamili kwa nauli tu. Mkataba wa miezi mitatu ukiisha anaingia mwingine, mwenye bahasha mpya. Hiyo siyo kumwandaa kijana, ni kupata kibarua bila kumlipa. Na serikali inatazama, kwa sababu yenyewe ndiyo fundi mkuu wa mchezo huo.

Katikati ya njaa hiyo matapeli wamejenga maghorofa. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila asubuhi kuna tangazo la kazi bandarini, mgodini, shirika la kimataifa. Sifa: yeyote. Mshahara: mnono. Ada ya fomu: tuma kwenye namba hii. Wengine wanakuita kabisa ofisini mjini, unakuta vijana wenzako mia moja na tai shingoni, anasimama jamaa anayetabasamu sana, anaongea saa mbili kuhusu kuwa bosi wa maisha yako, mwisho unagundua umeitwa kununua sabuni na dawa za kienyeji ukawauzie shangazi zako. Sheria yangu ni moja na hainidanganyi: kazi inayokuomba pesa kabla haijakupa pesa si kazi. Ukitajiwa ada ya fomu, ada ya vipimo au ada ya mafunzo, chukua bahasha yako uondoke, hata kama anayetaja ana kitambulisho shingoni.

Halafu kuna lile deni. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mtoto wa mkulima anaisifu kwa sababu bila hiyo asingeona mlango wa chuo. Lakini deni halijui kama umepata kazi au hujapata. Mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia aliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, na hapo tulimpigia makofi. Ila makofi hayalipi deni. Kijana anaianza ngazi ya kwanza ya maisha akiwa tayari anadaiwa mamilioni.

KIMEMO

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Ukikaa na wasomi kumi wasio na kazi, uwaulize kwa nini hawana kazi, wawili watasema nafasi ni chache. Wanane watasema hawana mtu. "Huna mtu" ndilo neno kubwa la mjini. Una digrii, una afya, una akili, huna mtu. Mtu maana yake ni mjomba wizarani, shemeji wa mkurugenzi, mzee aliyesoma na bwana mkubwa, mwenye uwezo wa kuandika mistari miwili kwenye karatasi ndogo: mleta kimemo huyu ni kijana wetu, msaidie.

Wakubwa wakisikia hivyo wanasema ni maneno ya vijiweni. Haya, turudi Uhamiaji, tuone kama ni maneno ya vijiweni. Mwaka uleule wa 2014, mwaka wa ule mtihani wa uwanjani, idara hiyohiyo ilipata kashfa nyingine. Ilitoa ajira kwa vijana wengine, kelele zikapigwa kwamba waliochukuliwa ni watoto na ndugu wa waliomo humo ndani. Wizara ya Mambo ya Ndani ikaunda kamati, kamati ikachunguza, na ajira 200 zikafutwa. Serikali yenyewe ndiyo iliyofuta. Kwa hiyo tunapouliza maswali tusiambiwe tuna wivu wa kike. Tumeshaonyeshwa mara moja kwamba moshi ule ulikuwa na moto, na waliotuonyesha ni wao.

Sekretarieti ya Ajira ilianzishwa kutokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ili kila ofisi isiajiri kwa namna yake. Na kwa kweli kabisa, huwa inafanya jambo moja zuri ambalo wengi hawalisifu. Baada ya mchujo wa maandishi inabandika matokeo: namba ya mtahiniwa, alama aliyopata, kachaguliwa au hakuchaguliwa. Unajiona mwenyewe umepata 58, waliopita wameanzia 64, unajua umeshindwa na nani na kwa kiasi gani. Inauma lakini unalala. Hakuna kijana anayegombana na namba.

Giza linaingia pale kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Watu watano mezani, wewe kwenye kiti, dakika chache, unatoka. Baada ya wiki au miezi inatoka orodha ya walioitwa kazini na vituo walivyopangiwa. Majina tu. Zile alama zilizokuwa zinabandikwa kwenye mchujo, hapa hazimo. Aliyeongoza kwenye maandishi kwa alama 80 hayumo, aliyepata 65 yumo. Inawezekana kabisa huyo wa 65 alijieleza vizuri kuliko wote, na wa 80 alipigwa na butwaa. Inawezekana pia huyo wa 65 ana mtu. Sisi tulio nje tutajuaje? Hapo ndipo kimemo kinapopata pa kujificha, hata kama siku hiyo hakikuwapo.

Wengine wanaambiwa wamefaulu ila nafasi zimejaa, kwa hiyo wamewekwa kwenye kanzidata, ikipatikana nafasi wataitwa bila kusailiwa tena. Ni mpango wenye akili. Lakini nani anaitwa kwanza kutoka humo? Wa alama za juu, au wa kimemo cha juu? Kijana wa kanzidata haoni yuko wa ngapi kwenye foleni. Ana kitu kimoja tu, simu yake, na ile simu anaiuguza kama mgonjwa, hathubutu kuizima hata msibani. Na kanzidata ina muda wake. Ukipita, unaanza upya na mbuzi mwingine.

Mashirika na mamlaka zinazojiendeshea usaili zenyewe ndizo zinazohitaji kumulikwa zaidi, kwa kuwa ndizo zenye mishahara minono. Ndugu wa wakubwa hawagombei ualimu wa Nanjilinji.

NANI KAPATA, NA KAPATAJE

Kwa kazi yangu ya kuzunguka huwa nakutana na waliopata pia, si waliokosa tu, na huwa nawauliza walipataje. Majibu yao hayafanani hata kidogo na yale ya semina. Ni wachache mno waliopata kwa bahasha ya kaki. Wengi kazi iliwakuta mahali walipokuwa tayari wanaonekana: pale walipofanyia fildi, pale walipokuwa wanatoa vibarua vya mwisho wa mwezi, kwa mteja wa dada yao. Mjini kazi nyingi hazitangazwi, zinanong'onwa. Mwenye duka Kariakoo hapeleki tangazo gazetini. Anamuuliza jirani yake, "Huna kijana mwaminifu anayejua hesabu?"

Kwa hiyo wewe unayeingia fildi mwaka huu usiende kusaini kitabu na kurudi hosteli. Ile miezi miwili ni usaili ambao hauna mchujo wala nauli ya Dodoma. Na wewe wa uhasibu unayekaa chini ya mwavuli, Machi ikikaribia wafanyabiashara wanahangaika na makadirio ya kodi, vitabu vyao vimejaa mafuta ya taa, risiti ziko kwenye mfuko wa rambo. Usiingie na barua ya "husika na kichwa cha habari". Mwambie nitakupangia risiti zako za mwaka mzima kwa siku tatu, nilipe ukiridhika. Akiridhika, mwakani atakutafuta yeye, na jirani yake pia. Mwalimu wa hisabati anayeendesha bodaboda asiache twisheni ya jioni, kwa sababu mzazi mmoja mwenye mtoto aliyefaulu anaweza kuwa na shule, au anamjua mwenye nayo. Hii siyo ile "jiajiri" ya wakubwa. Ile inataka usahau ajira. Hii ni kusimama karibu na mlango mpaka wakujue sura.

Na asikudanganye mtu kwamba kutaka kazi ya serikali ni uvivu. Mei Mosi ya 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Kuna bima, kuna pensheni, kuna likizo, na bosi hawezi kukufukuza kwa sababu mke wake kakukasirikia. Mwenye akili timamu atakimbilia huko, na ndiko wao walikokimbilia.

Lakini serikali haiwezi kuajiri wote, hilo tunalijua na hakuna anayelikataa. Wakubwa wenyewe hutaja kwamba vijana kati ya 800,000 na milioni moja wanaingia kwenye soko la ajira kila mwaka. Hata ungeongeza wizara kumi hawatoshi. Ndiyo maana siwaambii vijana wadai kazi kwa wote kesho asubuhi, wataahidiwa na hawatapewa. Nawaambia tudai kitu ambacho hakihitaji hata senti moja ya bajeti wala mkopo wa mzungu. Alama za mahojiano zibandikwe pamoja na za maandishi, kwa namba kama zinavyobandikwa za mchujo. Foleni ya kanzidata ibandikwe, kila mtu aone yuko wa ngapi na nani kaitwa kabla yake. TRA, bandari, Benki Kuu na wengine wote wafanye vivyo hivyo. Na kiongozi akileta kimemo kwenye jopo la usaili, kimemo hicho kibandikwe nacho ubaoni, na jina la aliyekiandika.

Kompyuta za kufanya kazi hiyo zipo, mfumo upo, na orodha za mchujo zinaonyesha kwamba inawezekana. Kilichobaki ni waziri mwenye dhamana ya utumishi kusimama bungeni atuambie ni tarehe ngapi zoezi hilo linaanza, na kama halianzi, linamwogopesha nani.